Kamera ya Filamu Ikianguka: Namna ya Kuikagua, Bodi na Lenzi

Kamera ikishadondoka, kidole cha mwenyewe hukimbilia mahali pamoja: kwenye mkono wa kuvutia filamu. Tunataka kusikia ule mlio wa gia tujipe moyo kwamba bado nzima. Usivute. Kama kuna jino limehama, au chembe ya kioo imeingia mahali, mvuto huo wa kwanza ndio utakaoigeuza ajali ya kusafishwa kuwa ajali ya kununua kamera nyingine.

Hapa Tanga tunaziangusha kwa njia zinazofahamika. Iko kwenye keria ya baiskeli, mpira unaachia katikati ya Ngamiani. Bodaboda imerukia tuta bila kupunguza mwendo na ndoano ya mkanda ikachomoka. Au uko Mapango ya Amboni, jiwe lina unyevu, unateleza, mkono unajishika na kamera inaubamiza mwamba. Mwongozo huu ni wa mtu aliyefikwa na mojawapo ya hayo, ana SLR (ile inayokuonyesha kupitia lenzi yenyewe, kwa kioo cha ndani) ya milimita 35 ya kawaida (Pentax K1000, Nikon FM2, Canon AE-1, Zenit, Praktica), na anataka kujua nini kimeharibika kabla hajatumia roli nzima ya filamu kuambiwa jibu. Filamu ni ghali, na kusafisha kunachukua muda. Vipimo vingi hapa havitumii hata picha moja.

Jambo moja la kushika kabla ya yote: palipobonyea ndipo kishindo kilipoingilia. Madhara huwa mahali kilipoishia. Kamera iliyokunjika pembe ya juu inaweza kuwa salama kabisa ndani, na ile isiyo na alama hata moja ikawa imepinda pete ya lenzi. Mimi naogopa zaidi hii ya pili. Chuma kikikunjika kimekula nguvu ya pigo. Kisipokunjika, nguvu hiyo imepita ikaenda kwa mwenzake.

Kwa nini unywele mmoja ni mwingi

Kutoka kwenye uso wa pete ya kuungia lenzi hadi kwenye filamu, Nikon za F zina milimita 46.5. Pentax za K zina 45.46, sawa na zile za skrubu za M42. Canon za FD zina 42. Vipimo hivi hupangwa kiwandani kwa sehemu za mia za milimita.

Ukipiga kwa f/2 (apecha, yaani tundu la lenzi, ikiwa wazi sana; namba ikikua tundu linapungua), filamu ikiwa mbele au nyuma ya mahali pake kwa kiasi cha milimita 0.06 hivi, picha inaanza kuwa butu. Kwa f/8 unasamehewa hadi kama 0.24. Ndiyo maana utamsikia mtu akisema, "Yangu ilianguka na bado inapiga vizuri tu." Alipiga mchana wa jua kali, apecha imefungwa f/11, na kina cha fokasi kimemfichia aibu. Atakapoipeleka kwenye harusi ya usiku na kuifungua lenzi yote, ndipo atakapojua. Kwa hiyo kila kipimo cha fokasi hapa chini kifanye apecha ikiwa wazi kabisa.

Dakika za mwanzo

Kama kuna filamu ndani, usifungue mlango wa nyuma. Andika namba ya picha uliyofikia, kisha uangalie kamera pande zote sita bila kugusa kitu. Ikiwa imeangukia mchanga, usizungushe pete ya fokasi wala ya apecha. Punje moja ya mchanga wa Raskazone ikishaingia kwenye nyuzi za fokasi utaisikia ikikwaruza miaka yote. Ishike kamera uso ukitazama chini, upulizie kwa kile kipira cha kuvutia kamasi za watoto kinachouzwa famasi. Mdomo usiutumie, mate hayakosi.

Imeangukia maji ya chumvi? Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Toa betri, usiivute wala kuibonyeza, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.

Sasa kioo cha mbele. Ukiwa na filta na imevunjika, usikimbilie kuifungua, maana vipande vitazunguka juu ya lenzi na kuichora. Lenzi itazame chini, gonga polepole vidondoke, pulizia, kisha ndipo ufungue. Pete ya filta ikigoma, kata kipande cha tyubu ya baiskeli, izungushie pete hiyo na uishike kwa vidole vyote kwa usawa. Ukiibana pande mbili tu inakuwa yai na inakaza zaidi. Plaizi iache kwenye sanduku lake. Kama ukingo umekunjika kiasi cha kuishika filta kabisa, pete ya filta inaweza kukatwa kwa msumeno mwembamba na mtu mwenye mkono mtulivu, kioo kikiwa kimefunikwa. Usiwe wewe kama hujawahi.

Ndipo sasa uuguse mkono wa kuvutia, kwa kidole kimoja, taratibu. Ukienda wote kwa ulaini wake wa siku zote, endelea. Ukikwama njiani, simama hapohapo. Kwa filamu iliyokwama ndani, subiri usiku, chumba chenye giza totoro, blanketi juu yako, ufungue na kuitoa kwa kupapasa, uifunge kwenye kopo lisilopitisha mwanga.

Kwenye Canon AE-1 na nyingine zinazotegemea umeme, kamera iliyokufa kimya baada ya kuanguka mara nyingi ni betri iliyoruka kwenye kikonyo chake. Fungua, futa vikonyo kwa kitambaa kikavu, rudisha. K1000 na FM2 hupiga bila betri, kwa hiyo zikinyamaza, tatizo ni la mashine yenyewe.

Nje ya bodi

Hapa usikawie. Angalia kama mlango wa nyuma unafunga bila kusukumwa, kama bawaba imekaa sawa, kama kipini cha kurudishia filamu kinazunguka bila kuyumba (kikiyumba, mhimili wake umepinda). Bonyeza sahani ya kubania filamu iliyo ndani ya mlango, iachie. Irudi kwenye pembe zote nne. Angalia sikio la mkanda na tundu la tripodi chini, kwa sababu kamera iliyoanguka ikiwa kwenye tripodi huwa imeng'oa kitako chake.

Bonde juu ya prizimu (kile kioo kilicho kwenye nundu ya juu ya kamera) lina sura ya kutisha kuliko madhara yake. Chungulia: ukiona mstari mweusi au taswira imekatika vipande viwili, prizimu imepata ufa au imehama. Inakera macho, lakini filamu haipiti huko, na picha zitatoka salama. Kinachoweza kukudanganya ni kioo cha fokasi kilicho chini ya prizimu, nacho tutakifikia.

Tikisa karibu na sikio. Lenzi nyingi zina milio ya kawaida, na kipini cha kurudishia hucheza chenyewe. Unachotafuta ni mlio mpya, wa kitu kinachobingirika. Skrubu iliyoanguka ndani ya bodi hatimaye itajikuta kwenye pazia la shata.

Lenzi

Itoe kwenye bodi. Fungua apecha yote, washa tochi ya simu, iangaze kutoka nyuma kwa mshazari na uangalie kutoka mbele huku ukiizungusha. Ufa wa kioo hauna shida kutambua, unawaka mstari mzima. Rangi za upinde wa mvua zikijitokeza ukingoni mwa kioo cha ndani, gundi inayounganisha vioo viwili imeachia. Ukiona nyuzinyuzi zilizotandaa kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, ilikuwemo kabla ya anguko. Unyevu wa pwani yetu umeiotesha kwenye lenzi nyingi ambazo wenyewe hawajawahi kuzimulika.

Mchubuko mdogo kwenye kioo cha mbele usikunyime usingizi. Mkubwa utapunguza ukolezi wa rangi ukipiga ukielekea jua, basi. Mchubuko kwenye kioo cha nyuma ni habari nyingine, unaonekana zaidi kwenye picha.

Ukingo wa filta ukiwa umebonyea, na pete ya fokasi inazunguka laini, umebahatika: chuma laini kimejitolea. Sasa zungusha fokasi mwanzo hadi mwisho, jicho likiwa limefumba. Ikikaza mahali pamoja tu, kisha ikalegea, kisha ikakaza tena kwenye sehemu ileile ya mzunguko, pipa la lenzi limekuwa duaradufu. Halafu shika mbele na nyuma ya lenzi, jaribu kuitikisa kushoto na kulia. Mchezo mdogo sana huwa wa kawaida kwa lenzi zilizozeeka; ukisikia "tik" ya chuma kwa chuma, skrubu fulani imeachia au imekatika.

Apecha: sogeza kile kijiti cha nyuma kwa ukucha ukiwa umeweka f/16. Majani yafunge na kufunguka mara moja, bila kusita, na tundu liwe na pembe zilizo sawa. Kijiti kikiwa kimepinda, uchunguliapo utaona kila kitu sawasawa, lakini apecha haitafunga wakati wa kupiga na picha zote za mchana zitaungua kwa mwanga. Kagua hilo kamera ikiwa imeungana na lenzi: f/16, shata sekunde 1, tazama kwa mbele wakati inapiga.

Pete ya kuungia

Hapa ndipo mapigo mengi yanapoishia. Lenzi ndefu iliyoanguka ikiwa kwenye bodi hufanya kazi ya mtaimbo, na pete ndiyo inayobanduliwa.

Angalia skrubu zake kwanza, kwenye lenzi na kwenye bodi. Moja ikiwa imechomoza hata kidogo kuliko wenzake, umepata. Kwa bodi, weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa pete, elekeza dirishani, uone kama mwanga unapita chini ya rula. Igeuze, pima kwa mshazari pande zote. Kisha unganisha lenzi: ilie mlio wake wa kufunga, isiwe imekaza upande mmoja, na ukiitikisa isicheze juu na chini.

Ukiwa na rafiki mwenye karakana, azima venia, kile kipimio cha chuma chenye ulimi wa kupimia kina. Funga shata kwenye B (alama inayoliacha wazi muda wote unaobonyeza) ili kioo cha ndani kiwe kimepanda na pazia liwe wazi (waya wa kubonyezea wenye skrubu unasaidia), laza kipande cha kioo bapa kwenye reli za ndani za filamu kwa nyuma, na rula ya chuma juu ya pete kwa mbele. Sasa shusha ulimi wa venia kutoka juu ya rula hadi kwenye kioo, kwenye sehemu nne: juu, chini, kushoto, kulia. Hutafuti kipimo chenyewe, kwa hiyo unene wa rula usiuhesabu. Unatafuta kama vinne vinalingana. Rudia kila sehemu mara kadhaa maana mkono hutetemeka. Tofauti inayodumu ya zaidi ya milimita 0.05 ni pete iliyolala upande.

Shata na uvutaji wa filamu

Fungua nyuma, kamera bila filamu. Kwa kamera za Kisovieti kama FED na Zorki, vuta kwanza ndipo ubadilishe spidi. Kinyume chake unaweza kuharibu kilichonusurika.

Anza na spidi za polepole, kwa sababu zinaendeshwa na kisaa kidogo cha gia ambacho hakipendi mitikisiko. Sekunde 1, nusu, robo, 1/8. Sikiliza mlio wake usisite wala kukata. Halafu chukua simu yenye video ya mwendo wa polepole ya picha 240 kwa sekunde, uirekodi shata kwa nyuma huku kamera imeelekea mbingu nyeupe. Kwa 1/30 utahesabu kama picha 8 pazia likiwa wazi, kwa 1/15 kama 16. Ukikuta 12 badala ya 8, spidi hiyo imechelewa kwa nusu nzima. Juu ya 1/60 simu haitakupa jibu la kuaminika.

Kwa spidi kubwa, tafuta televisheni ya chogo. Bado zipo, hasa kwenye stoo za mafundi redio. Iwashe kwenye giza, hata isipokuwa na stesheni, chungulia kupitia nyuma ya kamera isiyo na lenzi, upige 1/500 na 1/1000. Shata za kitambaa zinazokwenda ubavu, mfano K1000, zitakuonyesha mstari wa mwanga ulioinama. Za chuma zinazoshuka wima, mfano FM2, ilaze kamera ubavu kwanza. Mstari uwe na upana uleule mwanzo hadi mwisho. Ukiwa mpana huku na mwembamba kule, mapazia mawili hayakimbii kwa mwendo mmoja, na picha zako zitakuwa na upande mweusi. Ukikatika kabla ya kufika mwisho, pazia la pili linamfikia wa kwanza njiani.

Flashi: iunge, weka spidi yake (1/60 kwa K1000), chungulia kwa nyuma, piga. Uone mstatili mzima umewaka. Imekwisha.

Uvutaji wa filamu jaribu kwa roli iliyokwisha au kuharibika. Ipakie, acha mlango wazi, weka alama ya kalamu kwenye filamu palipokutana na ukingo wa dirisha la picha, vuta, weka alama nyingine. Picha moja ya 35 mm ni matundu 8 ya pembeni, yaani milimita 38 kutoka alama hadi alama. Fanya hivyo kwa picha zaidi ya kumi. Matundu yakiwa 7 hapa na 8 pale, gia ya kuhesabia inaruka, na picha zitapandiana.

Kipimo cha kioo cha msasa

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Kinakuonyesha kile filamu inachokiona, mahali hasa filamu inapokaa.

Tafuta kava la plastiki la CD, lile linaloona ng'ambo. Kata kipande chenye upana wa milimita 35 na urefu wa kama sentimita 5. Uso mmoja usugue kwa msasa laini sana, kwa mduara, hadi uwe mweupe sawasawa bila mikwaruzo mirefu. Nyuma ya kamera utaona reli nne: mbili za ndani, karibu na dirisha la picha, na mbili za nje zilizo juu kidogo. Filamu hulala juu ya zile za ndani. Kipande chako kilale hapohapo, uso uliosuguliwa ukitazama lenzi. Ukikigeuza, unene wa plastiki utakudanganya kwa milimita nzima. Kishikilie kwa selotepu kwenye ncha zote mbili, ukihakikisha hakijapanda juu ya reli ya nje.

Kamera iwe kwenye tripodi, shata B, imefungwa wazi, apecha wazi kabisa, fokasi imezungushwa hadi ile nane iliyolala (∞, alama ya mbali kabisa). Sasa unahitaji kitu cha mbali sana, na Tanga haikunyimi. Nenda Raskazone saa tisa alasiri, jua likiwa mgongoni, uelekee bahari: upeo wa maji, au meli iliyotia nanga nje ya bandari. Ukingo wa Kisiwa cha Toten nao unafaa. Asubuhi jua linatokea hukohuko baharini, utaona mng'ao tu. Jifunike kaniki kichwani, wewe na nyuma ya kamera, usubiri macho yazoee. Taswira itakuwa juu chini. Kwa kioo cha kukuzia, tumia lenzi nyingine ya milimita 50 ukiigeuza kinyume.

Mlingoti wa meli uwe mkali katikati. Kisha, bila kugusa fokasi, sogeza kamera uupeleke mlingoti kwenye pembe ya kushoto, halafu ya kulia, kisha juu na chini. Pembe za lenzi iliyo wazi huwa butu kidogo kuliko katikati, hilo ni umbile lake. Tatizo ni pembe mbili zisizofanana.

Matokeo yasome hivi. Katikati pakiwa pakali kwenye kioo cha msasa, halafu ukafunga shata, ukachungulia kwenye kichungulio na kukuta mlingoti ni butu, lenzi na pete ni salama; kilichohama ni kioo cha ndani cha digrii 45, au kile cha fokasi chini ya prizimu. Ni kosa baya kwa sababu ukiwa kazini utafokasi kwa jicho, utaridhika, na kila picha itakuwa na ukali mahali pengine. Lakini dawa yake ni nyepesi, fundi hurekebisha kijipini kinachokizuia kioo.

Kichungulio na kioo cha msasa vikikubaliana, ila lenzi inahitaji kurudishwa kabla ya nane iliyolala ndipo mlingoti uwe mkali, lenzi imekaa nyuma mno, karibu na filamu, au alama zake zimeteleza. Kama haifiki kabisa, yaani umezungusha hadi mwisho na bado mlingoti ni butu, lenzi imekaa mbele mno: pete imebanduliwa au skrubu zimelegea.

Kushoto mkali, kulia butu: kitu kimeinama. Hapo azima lenzi nyingine ya aina hiyo, rudia. Ubutu ukibaki upande uleule, bodi ndiyo iliyopinda. Ukiondoka na lenzi ya kwanza, lenzi ina kioo kilichohama ndani.

Wenye kamera za kupimia masafa kwa taswira mbili, kina Zorki, Canonet na Yashica Electro 35, kwenu pigo dogo tu linatosha kuvuruga. Elekeza mlingoti huohuo ukiwa kwenye nane iliyolala. Taswira mbili zikiwa zimepishana kushoto na kulia, masafa yamehama na fokasi si ya kuaminika. Zikipishana juu na chini, ni kero zaidi kuliko kosa, ila ni ushahidi kwamba kuna kilichoguswa.

Mita, na mwanga unaovuja

Sindano ya mita ya mwanga imesimama juu ya ncha nyembamba sana, na huweza kukwama bila kuonekana. Geuza kamera polepole kutoka kivulini kwenda juani. Sindano isafiri bila kuruka. Kisha saa sita mchana, jua kali, hakuna wingu, pima kitu cha kawaida kilichopigwa na jua: f/16 na spidi iliyo karibu na namba ya filamu, yaani 1/125 kwa filamu ya ISO 100. Mita ikitofautiana kwa hatua moja (mwanga mara mbili au nusu yake), zoea kuirekebisha. Ikitofautiana leo moja na kesho tatu, izime, tumia mita ya simu. Usipimie kwenye mchanga mweupe wa ufukweni, utailaumu bure.

Mwanga unaovuja tafuta usiku. Tochi ndogo ya kuning'iniza kwenye funguo iwashe, iweke kwenye chumba cha roli, funga mlango, zima taa, ungoje macho yazoee, kisha izungushe kamera ukiangalia bawaba, kufuli na pembe iliyogongwa. Nukta yoyote ya mwanga ni sponji iliyokufa au mlango uliopinda. Sponji unabadilisha mwenyewe kwa uzi mweusi wa sufi. Mlango uliopinda usiukunje kwa mkono, utaukunja mahali pengine.

Roli moja ya ushahidi

Vipimo vyote vikipita, sasa filamu. Chukua ya rangi ya bei nafuu, na daftari.

Tafuta ukuta mrefu wa matofali ya saruji ambao haujapigwa lipu. Tanga ujenzi hauishi, hutakosa. Bandika kioo kidogo cha kunyolea katikati ya ukuta, kibapa kabisa, uelekeze kamera hadi uione lenzi yako mwenyewe ndani ya kioo hicho katikati ya kichungulio. Hapo uko sambamba na ukuta, na hakuna atakayesema ulisimama mshazari. Piga apecha ikiwa wazi, kisha f/4, kisha f/8. Rudia kwa kila lenzi. Halafu mbingu tupu kwa kila spidi kuanzia 1/60 hadi mwisho, ukibadilisha apecha ili mwanga ubaki uleule. Picha tatu nne za mtu kwa fokasi ya karibu, lenzi wazi, fokasi kwenye jicho. Katikati ya roli, funika lenzi na uiache kamera juani kwa robo saa ukiigeuzageuza.

Roli ikirudi imesafishwa, soma negativu zenyewe kabla ya chapa, kwa sababu mashine ya kuchapa hurekebisha makosa unayoyatafuta. Picha za mbingu ziwe na weusi uleule wote, kushoto hadi kulia. Nafasi kati ya picha iwe sawa. Kwenye chapa, michirizi ya rangi ya chungwa au nyekundu maana yake mwanga umeingilia mgongoni mwa filamu, kwenye mlango. Uweupe usio na rangi hiyo umetokea upande wa lenzi.

Kutengeneza au kuachana nayo

Lenzi ya milimita 50 iliyopinda pete au kuhama vioo, mimi sihangaiki nayo. Zilitengenezwa nyingi mno. Nzima iliyotumika huwa rahisi kuliko kazi ya kuinyosha hii. Lenzi adimu, sawa, ipelekwe kwa fundi mwenye vifaa vya kupimia. Bodi yenye kioo kilichohama au spidi za polepole zilizosita inafaa kutengenezwa. Bodi yenye vipimo vinne visivyolingana kwenye venia, iweke iwe ya vipuri, isipokuwa kama ni skrubu tu zilizolegea.

Na hizo skrubu: za kamera za Kijapani zina msalaba unaofanana na nyota ya kawaida lakini haulingani nayo. Bisibisi ya nyota ya dukani itapanda na kuula mdomo wa skrubu. Agiza ya kipimo cha Kijapani, JIS, au nenda kwa fundi saa umwombe mkono wake na bisibisi zake kwa kazi hiyo moja tu; lenzi usimwachie afungue, hata kama ana nia njema. Ukishazikaza, zirudie tena baada ya roli mbili, hasa kama kamera inasafiri kwa bodaboda: iliyolegea mara moja kwa pigo hulegea tena kwa mtikisiko, na tone dogo sana la rangi ya kucha kwenye kichwa cha skrubu linaishikilia bila kumzuia fundi kuifungua siku nyingine.